Sultani wa Beypore Hakuwa na Cheti

Mbuzi aliingia ndani, akakuta kitabu, akakila. Hakikuwa daftari la shule wala gazeti la kufungia vitumbua. Ilikuwa nakala ya Balyakalasakhi, mojawapo ya riwaya zinazopendwa kuliko zote katika lugha ya Kimalayalam, na aliyekuwa akimtazama mbuzi akitafuna ni mwandishi mwenyewe. Mbuzi alipomaliza hicho akahamia kitabu chake kingine, Sabdangal. Mwandishi hakuokota fimbo. Kilichomtoa mbio ni pale mbuzi alipoligeukia blanketi lake, maana vitabu vingine vingechapwa, ila blanketi lilikuwa la bei mbaya.

Mwandishi huyo anaitwa Vaikom Muhammad Basheer, na kisa hicho amekisimulia mwenyewe katika kitabu chake Pathummayude Aadu, yaani Mbuzi wa Pathumma. Mimi nilimsoma kwa tafsiri ya Kiingereza, kwa hiyo najua kuna utamu mwingi ulionipita. Hata huo uliobaki umenitosha kuamini kwamba wanaosomea ualimu kama mimi wanamhitaji huyu mzee kuliko baadhi ya vitini tunavyokariri usiku wa kuamkia mtihani.

Alizaliwa Januari 1908 katika kijiji cha Thalayolaparambu, karibu na mji wa Vaikom, kusini-magharibi mwa India. Eneo hilo sasa ni sehemu ya jimbo la Kerala, lakini wakati ule lilikuwa chini ya maharaja wa Travancore, na Waingereza walikuwa nyuma yake wakivuta kamba. Baba yake alikuwa Mwislamu, mfanyabiashara wa mbao. Basheer alikuwa mtoto wa kwanza kati ya sita. Alianza shule ya kijijini iliyofundisha kwa Kimalayalam, kisha akapelekwa shule ya Kiingereza Vaikom mjini, safari ya maili tano.

Mwaka 1924 Vaikom ilichafuka. Watu wa matabaka ya chini walikuwa hawaruhusiwi hata kupita kwenye barabara zinazozunguka hekalu kubwa la mji. Si kuingia hekaluni, la, ni kupita tu barabarani. Basi watu wakagoma, wakakaa barabarani siku hadi siku, wakikamatwa na wengine wakichukua nafasi zao. Gandhi mwenyewe alifika mwaka 1925. Basheer, kijana wa shule, alijipenyeza kwenye umati mpaka akamgusa, akarudi nyumbani kumtangazia mama yake kwamba amemgusa Gandhi. Mwalimu mkuu hakufurahishwa na mwanafunzi anayezurura kwenye kambi ya wagomaji, akamchapa viboko. Viboko havikumponya ugonjwa huo.

Kabla hajamaliza sekondari alitoroka nyumbani. Alikwenda kaskazini, Kozhikode, kwa sababu kule Malabar kulitawaliwa na Waingereza moja kwa moja, na ndiko kampeni ya chumvi ya mwaka 1930 ilikokuwa imewaka. Gandhi aliwaambia watu wachemshe maji ya bahari wajitengenezee chumvi bila kulipa kodi ya serikali. Basheer alikamatwa hata kabla hajachemsha chochote. Alipigwa kituoni, akahukumiwa miezi mitatu, akapelekwa gereza la Kannur. Alitoka mwaka 1931 akiwa mkali zaidi ya alivyoingia. Akajiunga na vijana waliomhusudu Bhagat Singh, yule mwanamapinduzi aliyenyongwa mwaka huohuo, akahariri gazeti lao lililoitwa Ujjivanam, na hati ya kumkamata ikatolewa tena.

Kuna hadithi yake moja ya kumbukumbu iitwayo Amma, yaani Mama, ambayo ningependa kila mtu anayesoma mbali na kwao aipate. Anasimulia jinsi alivyorudi nyumbani usiku wa manane baada ya muda mrefu wa jela na kuhangaika. Nyumba iko kimya. Anagusa mlango, mama anaamka, anamwekea maji ya kunawa na sahani ya wali. Hamwulizi alikuwa wapi. Basheer anashangaa, mama kajuaje kwamba leo ndiyo siku? Mama hakujua. Alikuwa anapika wali wa huyo mtoto na kumsubiri kila usiku. Kila usiku, jamani. Mapambano ya uhuru yameandikiwa vitabu vingi vyenye majina ya viongozi na tarehe za mikutano, ila ile sahani ya wali nimeikuta kwa Basheer tu.

Hakukaa. Polisi walikuwa nyuma yake, akaondoka akatangatanga India nzima kwa karibu miaka saba. Ukisoma orodha ya kazi alizofanya unaweza kudhani ni watu kumi tofauti: mpishi, mlinzi, mpiga ramli, karani wa hesabu, muuza magazeti, muuza matunda, mchunga mifugo, meneja wa hoteli, wakala wa kuuza vifaa vya michezo. Aliishi na masadhu wa Kihindu kule Himalaya na bonde la mto Ganges, akaishi na masufi wa Kiislamu, akifuata maisha ya wote wawili bila kuona kwamba kuna shida. Alifanya kazi melini pia, kwenye meli ya mahujaji waliokuwa wakielekea Jidda. Njaa aliijua kwa jina lake la ukoo.

Alirudi na kukuta biashara ya baba imeanguka na familia ni maskini. Akaenda Ernakulam kutafuta kazi. Mlango mmoja aliobisha ulikuwa wa gazeti la Jayakesari. Mhariri akamwambia kazi hana, ila akileta hadithi atamlipa. Ndivyo alivyoanza! Hakuna ndoto ya utotoni wala mwalimu aliyegundua kipaji. Mtu alikuwa na njaa na kulikuwa na hela ya hadithi. Hadithi hiyo, Ente Thankam, ilitoka mwaka 1937. Mashujaa wa kike wa wakati ule walikuwa weupe, wenye nywele ndefu na macho ya kulungu. Huyu wa Basheer alikuwa mweusi mwenye kibyongo, na msimulizi anampenda kweli, bila dhihaka.

Vitabu vyake vya mwanzo aliviuza mwenyewe kwa miguu, nyumba kwa nyumba, ofisi kwa ofisi, vyuoni. Machinga wa vitabu vyake mwenyewe. Baadaye akafungua duka la vitabu hapohapo Ernakulam.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 makala zake za kumshambulia waziri mkuu wa Travancore, Sir C. P. Ramaswami Iyer, zikamrudisha ndani. Alikaa mahabusu ya polisi muda mrefu, kisha akahukumiwa miaka miwili na nusu katika gereza kuu la Thiruvananthapuram. Humo, ili kuwachekesha wafungwa wenzake, akaandika Premalekhanam, Barua ya Mapenzi. Karani wa benki, Mhindu, anampenda msichana Mkristo msomi asiye na ajira. Msichana analalamika hana kazi. Karani anasema kazi ipo, na kazi yenyewe ni kumpenda yeye kwa mshahara. Msichana anakubali na mshahara anadai kwelikweli. Halafu wanaanza kubishana mtoto wao ataitwa nani, maana jina la Kihindu haliwezekani na la Kikristo haliwezekani. Wanaandika majina kwenye vikaratasi, wanapiga kura, na mtoto ambaye hajazaliwa anaangukia jina la Pipi ya Anga. Kichekesho kitupu. Serikali ya Travancore ikakipiga marufuku mwaka 1944. Nadhani walielewa vizuri kuliko wasomaji wengi: watu wawili wanaochekea mipaka ya dini na tabaka kwa raha namna hiyo ni hatari kuliko hotuba.

Mwaka huohuo wa 1944 ikatoka Balyakalasakhi, yaani Rafiki wa Utotoni, na hapa naomba nikae kidogo.

Majid ni mtoto wa tajiri, Suhra ni mtoto wa maskini. Wanasoma darasa moja. Suhra ana akili sana ya hesabu, Majid hana kabisa. Siku moja mwalimu anamwuliza Majid moja ukijumlisha na moja ni ngapi. Majid anafikiri. Ameona mito miwili ikikutana kijijini na kuwa mto mmoja, mpana zaidi. Basi anajibu kwamba moja na moja ni moja kubwa zaidi kidogo. Darasa linacheka, mwalimu anakasirika, Majid anasimamishwa juu ya benchi. Jibu hilo limekuwa kama methali kule Kerala, hata kwa watu ambao kitabu hawajakisoma.

Wengi wanaisimulia sehemu hiyo kama mzaha, na mimi nilicheka pia. Ila angalia kinachofuata. Baba wa Suhra anafariki. Majid, ambaye hesabu hazipandi, anaendelea na shule mjini kwa sababu baba yake ana hela. Anamwomba baba amsomeshe na Suhra, baba anakataa. Suhra, mwenye kichwa cha darasa zima, anabaki nyumbani. Baadaye anaolewa na muuza nyama anayempiga na kumnyima chakula, anarudi kwao mgonjwa. Majid naye aligombana na baba, akatangatanga miaka mingi, akarudi kukuta utajiri wote umekwisha. Wanapendana, lakini ana dada wa kuoza na mfuko mtupu, kwa hiyo anaondoka tena kutafuta maisha. Huko anakatwa mguu baada ya ajali. Anaosha vyombo hotelini. Barua inamletea habari kwamba Suhra amekufa. Kinachomsumbua hadi mwisho ni kwamba siku ile ya kuagana Suhra alikuwa anataka kusema kitu, honi ya basi ikalia, na hakukisema.

Kitabu chenyewe ni chembamba. Unakimaliza kwa jioni moja. Basheer hakuweka ndani yake hata aya moja ya kulaani umaskini au kutetea elimu ya wasichana, na sidhani kama nimewahi kusoma kitu kinachoitetea kwa nguvu zaidi.

Sasa tuje kwenye lugha, maana ugomvi mkubwa ulikuwa hapo. Kimalayalam cha vitabuni wakati ule kilikuwa kimejaa Kisanskriti na taratibu za watu wa matabaka ya juu. Basheer aliandika jinsi watu wanavyoongea jikoni, sokoni na mahabusu. Waislamu wa kwao wana Kimalayalam chenye ladha yao, chenye maneno mengi ya Kiarabu. Hata dunia na kitabu utayasikia huko, karibu sawa na sisi tunavyoyatamka. Yote hayo akayaingiza kwenye riwaya bila kuyaombea radhi. Katika Pathummayude Aadu anaeleza jinsi mdogo wake Abdul Khader, aliyewahi kuwa mwalimu, alivyokuwa akichukua maandishi yake na kuyasahihisha: sentensi hii kiima chake kiko wapi? Hii mbona haina kiarifu? Kaka akashauriwa asome sarufi kwanza. Basheer akamfokea. Hakuwa na habari na kiarifu. Alikuwa anaandika jinsi anavyosema.

Namwelewa pia Abdul Khader. Ndiyo kazi tunayofundishwa, kushika kalamu nyekundu, na mtoto anayetaka kufaulu mtihani anahitaji mtu wa kumwonyesha kiarifu. Lakini kalamu hiyo ingepita kwenye Ntuppuppakkoranendarnnu ya mwaka 1951, kitabu kisingebaki. Jina lenyewe ni matamshi ya mtaani, yaani babu yangu alikuwa na tembo. Profesa Ronald Asher wa Chuo Kikuu cha Edinburgh alipokitafsiri kwa Kiingereza, hata jina akaliandika kwa matamshi ya mtaani ya Waingereza.

Humo yumo msichana Kunjupathumma, ambaye hajui kusoma, na mama yake anayejisifu kutwa kucha kwamba baba yake alikuwa na tembo dume mkubwa. Utajiri umeshapotea, nyumba kubwa imeshauzwa, lakini tembo wa marehemu babu bado anatembea mdomoni mwa mama. Inakuja familia ya jirani, Waislamu waliosoma, na binti yao anaanza kumfundisha Kunjupathumma herufi. Na yule tembo? Watoto wa mtaani ndio wanaomaliza mambo. Kuna kidudu kinachochimba kashimo kwenye mchanga ili kukamata sisimizi. Kwa Kimalayalam kinaitwa tembo wa shimo. Basi watoto wanatangaza kwamba tembo wa babu alikuwa huyo. Sijui familia ngapi huku kwetu zinafuga tembo wa aina hiyo.

Si kila kitu alichoandika kilipokelewa kwa kicheko. Sabdangal ya mwaka 1947, Sauti, ni mazungumzo ya askari aliyerudi vitani, mtoto wa kuokotwa, anayesimulia maisha ya mtaani, ukahaba na mapenzi ya wanaume kwa wanaume. Wahakiki walimvaa. Na ukisoma hadithi zake fupi nyingi mfululizo unaona anajirudia, mzaha uleule unavaa kanzu nyingine. Ila anakuwa na siku zake. Yuko mwizi wake Raman Nair, aliyepata jina la utani la mwiba-tembo kwa sababu usiku, gizani, alidhani tembo aliyesimama ni lundo la samadi akaanza kumchota. Yuko pia mpishi asiyejua kusoma ambaye pua yake inaanza kurefuka mpaka inafika kitovuni. Amefukuzwa kazi, ana njaa, halafu umaarufu unampata: watu wanalipa kumwona, waandishi wa habari wanamwuliza maoni kuhusu kila jambo la dunia, vyama vya siasa vinamgombania, wapinzani wanadai pua ni ya mpira, na vyuo vikuu vinampa heshima. Hadithi hiyo ni ya mwaka 1954. Mitandao ya kijamii haikuwepo.

Katika miaka hiyo ya hamsini aliugua akili, akalazwa na kutibiwa. Pathummayude Aadu, kitabu chake cha kuchekesha kuliko vyote, ni cha wakati huo. Yuko nyumbani kwao Thalayolaparambu akitafuta utulivu, na nyumba imejaa: mama, wadogo zake, wake zao, watoto, kuku, na mbuzi wa dada yake Pathumma. Kila mtu anamwomba hela kwa siri. Mdogo wake Hanifa, fundi cherehani, akidaiwa mchango wa nyumba anatishia kurudi jeshini. Pathumma ameweka matumaini yake yote kwenye maziwa ya mbuzi wake, na wanawake wa nyumba hiyo wanamkamua mbuzi huyo kisirisiri. Kitabu kilitoka mwaka 1959. Ugonjwa ulimrudia tena miaka ya sitini mwanzoni, akatibiwa tena, akaandika tena.

Alioa akiwa anakaribia miaka hamsini. Mke wake, Fatima Beevi, alijulikana kama Fabi, na walipata watoto wawili, Shahina na Anees. Wakahamia Beypore, kusini kidogo ya Kozhikode, pale mto Chaliyar unapoingia baharini. Watu wa pwani yetu wangejisikia nyumbani huko. Ni mji wa mafundi wa majahazi, wanaochonga vyombo vikubwa vya msaji kwa hesabu za kichwani, vyombo vya namna ile iliyounganisha Malabar, Ghuba na Afrika Mashariki kwa karne nyingi. Hapo akajipa cheo cha Sultani wa Beypore, na Kerala nzima ikamkubalia. Ikulu yake ilikuwa kiti chini ya mti wa mangostini, na gramafoni pembeni ikipiga nyimbo za Saigal na Pankaj Mullick. Wageni walikuja tu, wengine bila miadi, Fabi akichemsha chai.

Ni huko alikoandika Bhoomiyude Avakashikal, Warithi wa Dunia. Mtu amenunua kiwanja, ana hati mkononi. Wanakuja ndege, popo, nyoka, wadudu, wanakula nazi na matunda. Mke anataka wauawe. Mume anabishana naye kwamba hawa nao ni warithi halali wa ardhi hii. Cha kupendeza ni kwamba mke anapewa hoja nzuri: yeye ndiye anayeendesha jiko.

Mwaka 1965 ikatoka Mathilukal, Kuta, na wengi wanaiona ndiyo kilele chake. Ni kumbukumbu ya gereza la Thiruvananthapuram, na mfungwa anaitwa Basheer. Amepanda waridi ndani ya gereza. Upande wa pili wa ukuta ni gereza la wanawake, na kutoka huko inasikika sauti ya Narayani. Hawajawahi kuonana. Narayani akiwa anamsubiri, anarusha kijiti kikavu juu, Basheer anakiona kikipaa juu ya ukuta, anakimbia. Wanapeana zawadi kwa kuzirushia juu. Hatimaye wanapanga kuonana hospitali ya gereza, siku na saa. Siku hiyohiyo anaitwa ofisini na kuambiwa ameachiwa huru. Mtu ambaye amekwenda jela kwa ajili ya uhuru anajikuta anajiuliza uhuru wa nini. Mwongozaji Adoor Gopalakrishnan aliifanya filamu, Mammootty akiigiza kama Basheer, na Narayani haonekani hata mara moja. Tunamsikia tu.

Heshima zilikuja: serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Shri mwaka 1982, na mwaka 1987 Chuo Kikuu cha Calicut kikampa udaktari wa heshima wa fasihi. Mtu ambaye hakumaliza sekondari, na ambaye miaka 33 nyuma alikuwa ameshaandika kuhusu vyuo vikuu vinavyomheshimu mpishi kwa sababu ya pua. Nadhani alicheka, ila alikipokea.

Alifariki nyumbani kwake Beypore tarehe 5 Julai 1994. Kila mwaka tarehe hiyo shule za Kerala zina siku ya Basheer. Watoto wanavaa kama watu wa vitabu vyake: kuna Majid na Suhra wa darasa la tatu, kuna mwizi mwenye masharubu ya kuchora, na kila shule ina Basheer wake, kipara cha kuigiza, miwani, ameketi kwenye kiti chini ya mti. Shule nyingine zinamleta na mbuzi wa kweli.